Pampu ya joto ina zaidi ya miaka 170. Shida yake ni setingi

Weka mkono nyuma ya friji ya kwenu. Pana joto pale, sindio? Wengi hudhani ni mota imechemka. Mota inachangia kiasi, lakini sehemu kubwa ya hilo joto ilikuwa ndani ya maziwa, ndani ya sukuma ya jana na ile soda uliweka asubuhi. Friji imelitoa huko ndani ikalimwaga jikoni. Kazi yake ni kuhamisha joto, kama hamali wa sokoni anavyohamisha magunia bila kulima hata shamba moja.

Sasa igeuze. Toa joto kwa hewa ya nje, limwage sebuleni. Hiyo ndiyo pampu ya joto, na huko majuu imeleta kelele mpaka bungeni. Ujerumani mwaka wa 2023 serikali ilikaribia kupasuka kwa sababu ya sheria ya mitambo ya kupasha nyumba joto. Uingereza serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa mwenye nyumba anayeng'oa boila ya gesi na kuweka pampu. Upande mmja unasema ni mkombozi. Upande mwingine unasema ni utapeli wa watu wa mazingira, ati haifanyi kazi kukiwa na baridi.

Utaniuliza, "Buda, sisi hapa Nairobi baridi yetu ni ya Julai tu, hii inatuhusu aje?" Inatuhusu. Wengi wetu tuko na auntie, binamu ama class-mate wa zamani anayepiga shift huko Leeds ama Stuttgart, na bili ya kupasha nyumba joto ikipanda, ile pesa inayotumwa nyumbani ndiyo inapungua. Pia, kuna kipande cha hii historia kilichopikwa hapa Gigiri na kingine Kigali. Nitafika hapo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: hii mashine si mpya, na mabishano mengi kuihusu yanakosea shabaha. Ukisoma historia yake utaona imekuwa ikifaulu na kufeli kwa sababu moja inayojirudia, nayo ni namna ilivyopimwa na kurekebishwa.

Vijana wawili wa miaka 28

Mwaka wa 1824 Mfaransa mmoja anaitwa Sadi Carnot, mhandisi wa jeshi, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu ya moto. Alikuwa na miaka 28. Swali lake lilikuwa rahisi: injini ya mvuke inaweza kutoa kazi kiasi gani, hata ikiundwa na fundi bora duniani? Jibu lake ni kwamba kila kitu kinategemea tofauti ya joto kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Ni kama maporomoko ya maji: nguvu inatokana na urefu wa pale maji yanapoanguka. Karibu hakuna mtu aliyekisoma kitabu hicho. Carnot akafa mwaka wa 1832 kwa kipindupindu, akiwa na miaka 36.

Mwaka uleule wa 1824 akazaliwa William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin. Ndiyo, huyo wa Kelvin ya fizikia ya shule. Mwaka wa 1852, naye akiwa na miaka 28, akiwa profesa Glasgow, alichukua wazo la Carnot akaligeuza. Kama joto likianguka linatoa kazi, basi ukiweka kazi unaweza kulipandisha joto kutoka chini kwenda juu. Akaeleza mashine ya kutumia hewa na kuonyesha kwa hesabu kwamba makaa yakiendesha mashine kama hiyo, jengo litapata joto jingi kuliko makaa hayohayo yakichomwa moja kwa moja kwa jiko.

Hapo ndipo watu hukwama. "Joto kutoka hewa ya baridi? Wapi!" Lakini fikiria: baridi ya mwisho kabisa ni digrii 273 chini ya sifuri. Hewa ya digrii 5 chini ya sifuri iko juu ya hapo kwa digrii 268. Joto limejaa tele, ni vile tu liko chini sana kwa mkono wako kulihisi.

Thomson alikuwa na hesabu, lakini Uingereza ilikuwa imekalia makaa ya mawe. Nani angenunua mashine tata wakati makaa yako kila kona? Wazo likawekwa kando.

Chumvi, mto na vita

Aliyelifanyia kazi kwanza hakuwa na haja ya kupasha nyumba. Alikuwa Peter von Rittinger, mhandisi wa Austria. Miaka ya 1850, kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee, walikuwa wakichemsha maji ya chumvi na kuchoma kuni bila kikomo. Rittinger akauliza: ule mvuke unaopotea hewani si una joto bado? Akaukandamiza kwa nguvu za maji, ukapanda joto, akaurudisha uchemshe chumvi tena. Hiyo inahesabiwa kuwa pampu ya joto ya kwanza kufanya kazi kweli. Ona sababu yake: kuni zilikuwa zinagharimu.

Ruka mpaka Zurich, mwaka wa 1938. Uswisi haina makaa wala mafuta yake, na Ulaya ilikuwa inanuka vita. Jengo la halmashauri ya jiji lilikuwa likipashwa kwa majiko. Wakaweka pampu inayotoa joto kwenye mto Limmat unaopita hapohapo. Mto wenyewe ulikuwa baridi, lakini pampu haikujali. Hiyo mashine ilidumu zaidi ya miaka 60. Kwa hivyo mtu akikwambia leo kwamba hii ni teknolojia ya majaribio, mwambie ilishawahi kustaafu na pensheni.

Mwaka wa 1945, mhandisi John Sumner akajaribu kule Norwich, Uingereza. Vita vilikuwa vimemaliza kila kitu, kwa hivyo akaunganisha vipande vya mashine vya mtumba na kutumia maji ya mto Wensum. Kitu cha jua kali kabisa. Na bado kwa kila yuniti moja ya stima aliyoweka, alipata zaidi ya yuniti tatu za joto. Tafadhali shika hiyo namba, kwa sababu itarudi.

Halafu London, mwaka wa 1951. Halmashauri ya London ilijenga ukumbi wa Royal Festival Hall kando ya mto Thames, na kwa mbwembwe zote wakaweka pampu ya joto inayoendeshwa na injini mbili za Rolls-Royce Merlin, aina ileile ya injini iliyorusha ndege za Spitfire, zikabadilishwa zitumie gesi. Mashine ilifanya kazi. Shida ilikuwa kubwa mno kupita mahitaji ya ukumbi, kwa hivyo kuiendesha kukawa hasara, na mwishowe ikaondolewa.

Simama hapo kidogo. Norwich, mtu wa vipande vya mtumba alifaulu kwa sababu alikaa na mashine yake akapima. London, wenye injini za ndege walifeli kwa sababu hakuna aliyepima ukumbi vizuri. Kosa la London bado linafanyika kila wiki kwenye nyumba za kawaida: fundi anaogopa mteja asipige simu kulia baridi, anaweka mashine kubwa mara mbili ya inayohitajika. Mashine inawaka, inajaza nyumba joto dakika kumi, inazima, inawaka tena. Kila kuwaka ni hasara, na kompresa inazeeka mapema. Ni kama kununua lori la tani kumi ukapeleke mtoto shule.

Mafuta yalipopanda, na yaliposhuka

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilikatia baadhi ya nchi mafuta, na kwa miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Ulaya ikakumbuka pampu ya joto. Kampuni zikachipuka, mafundi wakajitokeza kutoka kila mahali, wengine wa kweli na wengine wa kubahatisha. Pampu zikafungwa kwenye nyumba zenye rediata ndogo zilizopangwa kwa boila ya maji ya moto sana. Zikalemewa, zikaharibika, bili zikapanda. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaporomoka, na soko likafa. Kilichobaki ni jina baya.

Lakini kuna nchi ambazo hazikuacha. Sweden iliendelea kufanya utafiti, kupima mashine na kufundisha mafundi. Japani kampuni zikaleta, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kompresa inayoweza kupunguza na kuongeza kasi badala ya kujua kuwaka na kuzima tu. Leo karibu asilimia 60 ya nyumba za Norway zina pampu ya joto. Sweden na Finland ni zaidi ya asilimia 40. Norway wana stima nyingi ya maji na pampu zao nyingi hupuliza hewa moja kwa moja chumbani, hilo tukubali. Hata hivyo, hizo ni kati ya nchi baridi zaidi Ulaya. Ile hadithi ya "haifanyi kazi kwa baridi" inakufa hapo.

Sasa kwa nini bili za wengine zinapanda?

Hapa ndipo Carnot anarudi. Nitafanya hesabu, usikimbie, ni ya kugawanya tu.

Wataalamu huita ufanisi wa pampu COP. COP ya 3 maana yake unaweka yuniti moja ya stima, unapata yuniti tatu za joto. Carnot anasema kiwango cha juu kabisa ni joto la maji unayotaka, gawanya kwa tofauti kati ya maji hayo na hewa ya nje, zote kwa Kelvin.

Chukua siku ya digrii 2 nje. Ukitaka maji ya digrii 55 yaingie kwa rediata: 328 gawanya kwa 53, unapata kama 6.2. Ukitaka maji ya digrii 35: 308 gawanya kwa 33, unapata 9.3. Mashine halisi hupata karibu nusu ya hapo. Kwa hivyo mashine ileile, nyumba ileile, siku ileile, setingi moja inakupa 3.1 na nyingine 4.7.

Sema nyumba inahitaji yuniti 12,000 za joto kwa msimu, na hali iwe hivyo msimu wote. Kwa 3.1 unalipia yuniti kama 3,870 za stima. Kwa 4.7 unalipia kama 2,550. Tofauti ni yuniti 1,300 na kitu, na hakuna kifaa kipya ulichonunua. Umeshusha namba tu.

Sasa ongeza hii: Uingereza yuniti ya stima inauzwa karibu mara nne ya yuniti ya gesi. Boila nzuri inageuza asilimia kama 90 ya gesi kuwa joto. Piga hesabu, utaona pampu lazima ifike COP ya karibu 3.6 ndiyo bili yake ilingane na ya gesi. Rudi kwa zile namba zetu. Kwa 3.1 auntie analia. Kwa 4.7 auntie anatuma pesa ya krisi. Hao wote wawili wanaobishana mtandaoni, mmoja anasema pampu imemfilisi na mwingine anasema imemwokoa, wanaweza kuwa wanasema ukweli, na mashine zao zimetoka kiwanda kimoja.

Na hili si la kubuni. Kati ya 2008 na 2010 shirika la Energy Saving Trust la Uingereza lilipima pampu kwenye nyumba 83. Matokeo yalitawanyika vibaya: nyingine zilifanya kazi safi, nyingine zilikuwa karibu sawa na hita ya kawaida. Sababu kubwa zilikuwa namna zilivyofungwa, na watu kuachiwa vitufe wasivyovielewa. Baadaye zilipofanyiwa marekebisho, nyingi ziliboreka. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Gigiri na Kigali

Kuna kitu kinazunguka ndani ya pampu na friji, mafundi wetu hukiita gesi tu. Inachemka kwa baridi, ikibeba joto, kisha inakandamizwa na kulitema. Kwa miaka mingi gesi hizo zilikuwa za kutoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipiga marufuku hatua kwa hatua, na shirika la Umoja wa Mataifa lililosukuma mazungumzo hayo, UNEP, makao yake makuu ni hapa Gigiri. Kiongozi wake wakati huo alikuwa Mostafa Tolba, Mmisri. Sekretarieti ya ozoni iko Nairobi mpaka leo.

Gesi zilizochukua nafasi hazikutoboa ozoni, lakini zikawa moto kwa tabianchi. Moja inayotumika sana, R410A, inapasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Oktoba 2016, nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kuzipunguza. Ndiyo sababu pampu nyingi mpya Ulaya zinatumia propeni, jamaa wa karibu kabisa wa ile gesi ya mtungi unayopikia chapati. Inachemka kwa digrii 42 chini ya sifuri, kwa hivyo hata baridi kali inaichemsha. Inashika moto, ndiyo maana mtambo unakaa nje na fundi lazima awe amesomea.

Kwa hivyo mtu asikwambie hii ni stori ya wazungu. Sheria inayoamua nini kizunguke ndani ya mashine hizo ina muhuri wa Afrika Mashariki.

Kurekebisha ni kazi gani hasa?

Kama una mtu majuu mwenye pampu, mtumie hii sehemu.

Kwanza, pampu nyingi zina kile wanachoita mstari wa joto: nje kukiwa baridi, maji yanapashwa zaidi, nje kukipoa kidogo tu, maji yanashushwa. Mafundi wengi huuweka juu wakaenda zao. Ushushe kidogo, digrii moja ama mbili, ngoja siku mbili tatu, nyumba ni nzito haijibu haraka. Shusha tena. Chumba cha baridi zaidi kikianza kulalamika, rudi hatua moja. Hapo ndipo penyewe.

Pili, fungua rediata zote. Watu hufunga za vyumba visivyotumika wakidhani wanaokoa, kumbe wanainyima pampu mahali pa kumwaga joto, inabidi ipandishe maji zaidi. Pampu inataka eneo kubwa na moto mdogo. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, usiizime usiku kucha halafu asubuhi uidai muujiza. Ikilazimika kupandisha nyumba kwa kasi, itapandisha maji, na hesabu yetu ya juu inakula kwako.

Nne, angalia kama ile hita ya dharura ndani ya mtambo inawaka kisirisiri. Hiyo ina COP ya 1, sawa tu na shower ya instant. Ikiwaka kila siku umenunua pampu ghali ukaishi na hita.

Tano, andika. Yuniti zilizoingia, joto lililotoka, digrii za nje. Mashine nyingi zinaonyesha. Bila hizo namba unabishana na hisia zako.

Na kama mtambo wa nje unafunikwa na barafu kisha unafuka mvuke, tulia. Unajiyeyusha barafu, ni kawaida. Ila maji ya tenki la kuoga usiyashushe ovyo. Yakikaa vuguvugu muda mrefu yanazaa bakteria wa legionela, na ndiyo sababu mitambo hupandisha tenki mara kwa mara mpaka digrii 60. Hiyo setingi muachie fundi.

Neno langu

Kinachoniuma katika historia hii ni kwamba akili ilikuwepo tangu 1852. Kila mara mafuta yakipanda dunia inaikumbuka mashine, inaifunga kwa pupa, inasahau kumlipa mtu wa kuirekebisha, kisha inailaumu. Ilitokea miaka ya 1980. Ilianza kutokea tena baada ya vita vya Ukraine: mwaka wa 2022 mauzo Ulaya yalivunja rekodi, na 2023 yakashuka. Serikali zinatoa ruzuku ya chuma. Mimi ningekuwa na sauti, sehemu ya hiyo ruzuku ingelipwa baada ya mwaka mmoja, mtu akishapima na kuonyesha COP ya kweli.

Na kwetu? Fundi wa friji anayekaa kwa kibanda pale mtaani, yule tunamuita tu friji ikikataa, anaelewa kompresa, anaelewa gesi, anaelewa kuvuja. Huo ni msingi wa kazi ambayo Ulaya inatafuta watu wake kwa tochi. Hapa Kenya pia kuna hoteli, hospitali na hosteli zinazochemsha maji kwa hita ya COP 1, wakati hewa ya Nairobi ya digrii 20 ingebeba sehemu kubwa ya huo mzigo bure. Kama uko tekniko unasomea friji na kiyoyozi na watu wanakucheka ati ulikosa kozi, waache wacheke.

Wewe fanya kitu kimoja leo. Mpigie huyo mtu wako wa majuu, na kabla hajaanza kulia bili, muulize maji yanayoingia kwa rediata yake yana digrii ngapi. Akikosa jibu, tayari umejua shida ilipo. Akikujibu, niandikie hiyo namba hapa chini.